Jina Lililobaki Bondeni

Sogeeni karibu, na aliye na mtoto mdogo ampakate, maana hadithi hii haipendi mtoto anayekaa chini.

Katika kijiji cha Ilopela, kule milimani kwenye migomba na miparachichi, palikuwa na watu watatu. Bibi Tumpe alijua jambo ambalo hakuna aliyemwamini. Mwalimu Sekela alijaliwa kulieleza jambo hata mbishi akanyamaza. Ambokile, mwangua parachichi, alikuwa na moyo usiojiuliza mara mbili. Mimi lakini nitasimama nyuma ya mama mmoja, Bupe, kwa sababu ndiye aliyeachiwa mzigo.

Chini ya kijiji kuna bonde dogo, watu huliita Bonde la Kimya. Ndege akitua humo haruki tena. Miaka saba iliyopita, Bupe alimpoteza humo mtoto wake wa kwanza, Gwamaka. Asubuhi hiyohiyo Bibi Tumpe alikuwa amelipita bonde na tenga la kuku kichwani, akatoka salama, yeye na kuku wake. Msibani akasema, "Asubuhi mtoto asipite pale kwa miguu. Abebwe juu, kama ninavyowabeba kuku wangu."

Bupe, kwa uchungu, akamnyooshea kidole. "Umejuaje?"

Neno hilo moja lilitosha. Mchawi kajitaja mwenyewe, watu wakasema. Nyumba ya bibi ikabomolewa, naye akaenda kuishi peke yake ng'ambo ya mto. Tangu siku hiyo Bupe hakulitamka tena jina la mwanawe. Ila kila alipopita ukingoni mwa bonde alilisikia likiitwa huko chini, kwa sauti yake yeye Bupe.

Mwaka huu akaja Mwalimu Sekela, mwenye sanduku la vyombo vya majaribio, kutoa mihadhara ya sayansi kila Jumapili baada ya ibada, ndani ya ghala la parachichi. Alikuwa ameandaa habari za nyota. Bibi Tumpe akamvizia njiani, akamweleza habari za kuku, ndege wafu na bonde lisilodhuru upepo ukivuma mchana. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa miaka saba, na bibi wa watu alilia.

Nyota zikawekwa kando. Jumapili ile Mwalimu akachanganya magadi na siki kwenye jagi, akasubiri povu lishuke, kisha akaliinamisha jagi polepole juu ya mshumaa uliowaka. Hakuna aliyeona kitu kikimwagika, lakini mshumaa ulizimika.

"Hii ni hewa nzito," alisema. "Ndiyo inayotoka ardhini pale kwenu. Inalala bondeni kama maji mpaka upepo uiondoe. Mrefu atapita, mfupi atazama. Ukiona mtu kaanguka humo, usiiname. Ukiinama, hutarudi."

Mzee mmoja akauliza kama mizimu nayo huzima mishumaa, watu wakacheka. Bupe hakucheka. Alikuwa akikumbuka kimo cha Gwamaka, aliyekuwa akimfikia kiunoni.

Ambokile alikuwa nyuma kabisa. Alifuata chai, na nusu ya muhadhara aliisinzia. Bahati njema ile nusu nyingine aliisikia.

Siku nne baadaye, asubuhi isiyo na upepo, mtoto wa pili wa Bupe, wa miaka minne, alimfuata mwanambuzi hadi bondeni. Bupe alipofika ukingoni, wote wawili walikuwa wamelala chini. Alitaka kujitupa akamkumbatie. Ambokile, aliyekuwa akipita kwenda kuangua matunda, akamdaka kitenge, akamwangusha nyuma, akajaza pumzi kifuani na kushuka wima kama aliyemeza mwiko. Mkononi alishika kigoe, ile fimbo yake ndefu yenye kulabu ya kuangulia matunda. Akainasa sweta ya mtoto, akamburuta mpaka juu, na njia nzima hakuinama. Mtoto akakohoa, akalia. Ambokile alizirai, na hadi leo kifua chake kinapiga filimbi.

Sasa, Ilopela wana desturi yao. Aliyerudishwa toka kifoni ameliacha jina lake huko, halitajwi tena. Aliyemwokoa ndiye humpa jipya: mtu mmoja, jina moja, kabla jua la siku ya saba halijazama. Mtoto asiye na jina, wazee husema, bonde likimwita ataitika.

Siku ya saba wale watatu wakakutana uani kwa Bupe, kila mmoja akidai ndiye aliyemwokoa mtoto, naye Bupe ndiye wa kuamua.

"Maneno hayakuingia bondeni, dada. Niliingia mimi," Ambokile alimwambia Mwalimu. "Sina mtoto, na kwa kifua hiki sidhani kama nitaoa. Achukue jina langu, nami nibaki duniani."

"Bila mshumaa wangu ungeinama, kaka," alijibu Mwalimu Sekela. "Kuna vijiji viwili vina mabonde kama hili, na vyote vimenifukuza. Nikimpa mimi jina, nitasimama kwao niseme: huyu hapa, nimempa jina mimi. Huko nako wamo watoto."

Bibi Tumpe akamgeukia Bupe.

"Mwalimu alikuja na nyota," alisema. "Bonde nilimpa mimi. Sitaki mnijengee nyumba. Nataka kumwita mtoto huyu Gwamaka, mbele ya watu wote, na asiwepo wa kushtuka. Nipe hilo tu, Mama Gwamaka."

Miaka saba hakuna aliyemwita Bupe hivyo. Akaogopa, akaona aibu. Akimpa bibi, watu watasema amelipia dhambi yake kwa jina la mtoto, na kila akimwita huyu aliye hai atakuwa anamwita yule aliyekufa. Akimnyima, atakuwa amemfukuza mara ya pili. Na hao wawili je, wamekosa nini?

Jua likagusa mlima. Mtoto akaja akashika kitenge cha mama yake.

"Mama, mimi naitwa nani?"

Kabla Bupe hajajibu, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiliita lile jina la Gwamaka kule chini. Alidhani ni yeye peke yake anayeisikia, kama siku zote. Lakini mtoto aligeuza kichwa kuelekea bondeni.

Haya, wenzangu, jua halingoji. Ungekuwa wewe ndiye Bupe, ungemwambia nani ataje jina?