Mtungi wa Saliti

Inasimuliwa kutoka kwa watu wema waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba mji wa Wadi Samra ulikuwa na desturi ambayo ingerudi leo, wasemaji wengi wa mabaraza yetu wangeugua ghafla wakabaki nyumbani. Aliyeomba fedha ya Baitulmali alilazimika kwanza kuieleza haja ya anayeshindana naye, mpaka mwenziwe akiri, "Umesema yote." Hapo ndipo aliporuhusiwa kutaja yake.

Mwaka huo hazina ilitosha jambo moja tu. Mfereji ulioleta maji mjini ulikuwa umebomoka, na huko nje wanyang'anyi walikuwa wamezidi. Bibi Khaula, mjane mcha Mungu aliyewasemea wanawake wa mji, akaomba mfereji ujengwe. Nuaimu bin Rawaha, jemadari wa jeshi, akaomba farasi.

Wala msimdhanie Nuaimu kuwa mpenda vita. Alikuwa mtu wa swala na saumu, ila moyoni alikuwa na jeraha bichi. Mdogo wake Saliti, aliyemlea mwenyewe tangu walipofiwa na baba, aliuawa na wanyang'anyi hao. Juu ya kaburi lake Nuaimu aliapa kwamba askari wake hawatapanda tena farasi wazee. Mji mzima ulijua kuwa Saliti alifia mpakani, upanga mkononi. Ndivyo Nuaimu alivyowaambia, na mama yao alijiliwaza kwa maneno hayo.

Basi barazani, mbele ya Amiri, Nuaimu aliitaja haja ya Bibi Khaula upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mfereji umebomoka. Wanawake wanateka maji mbali, wanachoka. Basi."

Amiri akamgeukia bibi. "Amesema yote?"

"Hajasema uongo, ewe Amiri. Lakini yote hajasema."

Watu wakacheka. Nuaimu uso ukamwiva, na Amiri akaahirisha shauri mpaka kesho yake.

Jemadari akamfuata bibi mpaka kwake, hasira zimempanda. Alimkuta uani akiwagawia majirani maji aliyoyateka asubuhi. Akangoja wakaondoka.

"Bibi, umenifedhehesha mbele za watu! Nimeacha nini?"

Bibi Khaula akamtazama kwa huruma. "Unakijua, mwanangu. Nilikuwepo."

Lo! Nuaimu akaketi pale pale vumbini. Kwani Saliti hakufia mpakani. Alifia kwenye chemchemi ya nje ya mji, akiwakinga wanawake waliokwenda kuteka maji, na mkononi alikuwa ameshika mtungi wa ajuza mmoja aliyeshindwa kuubeba. Ajuza huyo ndiye Khaula. Nuaimu aliona aibu shujaa wake asimuliwe amekufa na mtungi, naye Bibi Khaula akawasihi wanawake wenzake wanyamaze.

"Ungelisema hilo barazani ungeshinda," Nuaimu alisema kwa shida. "Mbona hukusema?"

"Nishinde kwa maiti wa mtu? Mama yako bado analia. Hiyo ni sitara yenu, si yangu kuivua. Nitasubiri uiondoe mwenyewe, na usipoiondoa, nitaendelea kwenda chemchemini."

Jemadari akalia kwa kwikwi, mbele ya bibi yule, wala hakujali.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamweleza yote. "Mtungi?" mama akasema. "Ndiye hasa mwanangu. Tangu mdogo hakukubali nibebe maji yeye akiwepo." Akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi.

Kesho yake Nuaimu akasimama barazani akasema kweli tupu. "Ewe Amiri, niliwaficha alipofia ndugu yangu. Alifia chemchemini. Wanyang'anyi hawatufuati mjini, wanatungoja huko kwa kuwa wanajua hatuna budi kwenda. Maji yakiingia mjini, watamngoja nani?"

"Sasa umesema yote," Bibi Khaula akasema. Kisha, ilipofika zamu yake, akaitaja haja ya Nuaimu. "Farasi wa Saliti alianguka njiani kwa uzee, ndiyo sababu alitufikia kwa miguu, peke yake. Vijana hawa wanatufia, nasi hatuwapi cha kupanda. Wallahi, haja yao inaniuma kama yangu."

Nuaimu akaitikia kwa kichwa kwamba yote yamesemwa.

Amiri akaamua mfereji utangulie, na farasi wangoje neema ya mwaka mwingine. Askari wengi walimnunia jemadari wao, naye akavumilia.

Siku maji yalipoingia mjini, watu walitaka Bibi Khaula awe wa kwanza kuteka. Akakataa, akampa mtungi wake mama yake Saliti. Mama akainama, akaujaza mpaka ukafurika, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Saliti mwanangu, mtungi umefika."

Enyi ndugu zangu, askari ni amana na maji ni amana, na wenye mamlaka wataulizwa juu ya vyote viwili. Nasi tunaopenda kubishana, tumwombe Mola atupe ulimi wa kuitaja haja ya mwenzetu yote, hata pale inapotuumiza. Yeye ndiye ajuaye yaliyofichika vifuani.