Majina Aliyoyafuta Ndahani

Isome hii mpaka chini kwanza, ndipo umtumie mwenzako. Mtumie hasa yule anayejisifu kwamba ndani ya simu yake hakuna kitu alichowahi kukinunua.

Pale Mpwapwa aliishi bwana mmoja aitwaye Ndahani, mwenye kibanda cha gemu karibu na soko. Kibanda kilikuwa na runinga mbili na mabenchi manne, na kila siku kilijaa pomoni. Watu hawakufuata runinga, maana runinga ziko kila kona. Walifuata gemu ya mpira ambayo haikupatikana kwingine kokote.

Ndahani alikuwa ameichukua gemu ya kampuni moja ya ng'ambo, akaitengeneza upya. Timu za kigeni alizitoa, akaweka za mitaa ya pale pale: timu ya machinjioni, timu ya stendi, timu ya walimu. Golikipa wa machinjioni alikuwa Chilolo muuza nyama, na kitambi chake vilevile. Mtangazaji alikuwa Ndahani mwenyewe. Alijifunika blanketi chumbani ili kelele za kuku zisiingie, akarekodi sentensi moja moja. Kazi ile ilimla miezi kumi na mmoja, mpaka mke wake akamuuliza kama amemwoa yeye au kompyuta.

Ukiifungua gemu, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa maandishi mekundu: "Kazi ya Ndahani. Ukinakili, umeiba."

Siku moja mchana Ndahani alikuwa akipita stendi, akasikia mtu anapiga kelele: "Chilolo kaudaka! Chilolo mikono ya gundi!" Alisimama wima. Sauti ile ilikuwa yake.

Aliifuata mpaka kwenye kibanda kipya cha Masinga, fundi aliyewahi kumtengenezea kompyuta. Alipochungulia ndani akaikuta gemu yake, wachezaji wake, kila kitu chake. Ila maandishi mekundu sasa yalisema, "Kazi ya Masinga."

"Umeniibia!" Ndahani alifoka.

"Nimekuibia nini, kaka?" Masinga alijibu bila hata kuinuka. "Yako si bado unayo? Mimi nimenakili tu."

Na hapa mimi msimulizi nachemka pamoja naye. Miezi kumi na mmoja ya mtu unaibeba kwenye flashi kwa dakika tano, halafu unasema umenakili tu? Fisi akila mbuzi wako, angalau hakwambii kwamba mbuzi bado unaye.

Ndahani hakulala na hasira zake. Jioni ile ile aliandika barua ya kumshtaki Masinga polisi, na asubuhi akaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ili igongwe muhuri. Alitaka kile kibanda kifungwe, na jina la Masinga litajwe sokoni kuwa ni jina la mwizi.

Mwenyekiti alikuwa Mama Foibe, mwanamke mkali asiyependa maneno marefu. Alimwita Masinga, akawaketisha wote wawili. Watu walijaa mlangoni.

"Mimi gemu siijui," alisema. "Nionyeshe ulichoibiwa."

Ndahani alikuwa amejiandaa. Alikuja na runinga, na alikuja na gemu mbili: ile ya ng'ambo kabla hajaigusa, na ile aliyoitengeneza. Alitaka Mama Foibe aone kwa macho yake ukubwa wa kazi aliyoifanya.

"Anza kutazama hii ya zamani, Mama," alisema, akaiwasha. Kwenye kioo yakaanza kupanda majina, mstari baada ya mstari. Ndahani akanyoosha kidole ayaruke.

"Acha," alisema Mama Foibe. "Hao ni akina nani?"

"Si kitu, Mama. Ni majina tu ya walioitengeneza."

"Na kwenye yako wamo?"

"Niliyafuta. Yanawachelewesha wateja."

"Ulifuta majina ya watu wangapi?"

Ndahani alijikuna shingo. "Kama mia tatu hivi."

"Na huyu Masinga amefuta ya wangapi?"

Ndahani alijibu kwa sauti ya chini, "Moja. La kwangu."

"Waliotengeneza uliwalipa? Uliwaomba?"

"Mama, wale ni matajiri! Wako huko ng'ambo, Mpwapwa yenyewe hawaijui!"

Masinga akaangua kicheko. Mama Foibe akamgeukia kwa ukali. "Wewe unacheka nini? Mwenzako angalau ameongeza jasho lake. Wewe umeongeza jina lako tu. Funga mdomo!" Kisha akaiweka barua mezani, akatoa muhuri. "Ndahani, haki yako nitakupa. Ila wasome kwanza hao uliowafuta, na useme kila mmoja alifanya kazi gani. Ukimaliza, nagonga."

Ndahani alianza kusoma. Majina yalimpinda ulimi, na baadhi ya watu walicheka. Huyu alichora majani ya uwanja. Huyu alitengeneza mvua inavyonyesha. Huyu mama alikaa viwanjani kurekodi makelele ya mashabiki. Kila alipotaja kazi, Ndahani alisoma polepole zaidi, kwa sababu kazi hizo alizijua. Nyasi zile alikuwa amezitazama kwa miezi kumi na mmoja, na hata siku moja hakujiuliza ni nani aliyezichora.

Alipofika kwenye jina la ishirini na kitu, akakwama.

"Huyo alifanya nini?" aliuliza Mama Foibe.

"Huyu ndiye aliyekuwa anatangaza, Mama. Nilimtoa, nikaweka sauti yangu."

"Naye alirekodi kwa miezi mingapi?"

Ndahani aliona aibu mbele ya watu wote wale, na aibu ile ilimchoma kuliko hasira aliyokuja nayo.

Mama Foibe akauinua muhuri. "Nigonge?" aliuliza. "Muhuri wangu hauchagui mwizi. Nikigonga, barua itakwenda na majina mawili."

Ndahani aliivuta barua yake mezani ikiwa haina muhuri, akaikunja, akaanza kuchomoa nyaya za runinga.

Funzo: Aliyetoka jasho mbali na macho yako naye ametoka jasho. Kabla ya kupiga kelele za mwizi, hakikisha unacholilia ulikipata kwa halali.