Jina la Mtoto wa Mwanahawa

Hukumu ya kisa hiki nawaachia nyinyi, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Somoe aliweza kuiona bahari hata ikifunikwa na mawingu. Asumini aliweza kutenganisha upepo na mvua. Nahodha Siwema aliweza kusema na watu wakamsikia.

Mwanahawa, mja mzito kisiwani, hakumjua hata mmoja. Asubuhi ile kwao jua liliwaka na maji yalitulia.

Bara, katika ofisi ya hali ya hewa walikofanya kazi Somoe na Asumini, picha za setilaiti zilionyesha mawingu matupu. Somoe akafungua vipimo vya maikrowevu, mawimbi yanayopenya mawingu. Upepo ukiichafua bahari, povu hutanda, nalo hutoa mng'ao usioonekana kwa macho ila kwa chombo kilicho angani. Somoe aliona bahari nzima inang'aa.

"Mle ndani kuna upepo wa kutisha," akasema.

"Mvua kubwa nayo hung'aa," mkuu wao akajibu. "Siwezi kuhamisha watu kwa sababu ya mvua."

Asumini akalinganisha mawimbi ya urefu tofauti, maana mvua na povu havifanani katika yote. Akaiondoa mvua. Ukabaki upepo mtupu: kilomita mia mbili kwa saa. Mkuu aliisoma tarakimu ile mara mbili, akatoa onyo.

Siwema akalisikia redioni, akaipeleka boti yake kisiwani. Watu wakamwonyesha anga.

"Nahodha, kimbunga kiko wapi?"

"Hata mimi sijakiona. Lakini wanangu nimewaacha bara nikawafuata nyinyi. Mdogo wangu, panda."

Mwanahawa akapanda, na wote wakafuata.

Alijifungua binti bara, kimbunga kikivuma. Kilipopita, mumewe alikwenda kisiwani, akarudi. Akampa simu atazame picha. Msikiti ulibaki sakafu. Mwanahawa alilitafuta jiko lake, akaona mchanga.

Wale watatu walipokuja kumpa hongera, akasema mtoto atakuwa wajina wa aliyewaokoa.

"Mwite Somoe, ndiye aliyeona kwanza," mumewe akasema.

"Bila Asumini nisingeaminiwa," Somoe akajibu.

"Na onyo halimbebi mtu," Asumini akasema.

Siwema akatikisa kichwa. "Bila onyo lenu nisingeng'oa nanga."

Mtoto ni mmoja, na Mwanahawa bado anawatazama. Je, ungekuwa wewe, ungemwita nani?