Chai ya Wakunga wa Kaloleni

Kaloleni ya mwaka wa sabini na tisa ilikuwa mtaa wa kuta za mawe, na habari za jiko moja zilifika jiko la pili kabla ya ugali kuiva. Humo aliishi Ndanu, mkunga wa zahanati ndogo ya uzazi. Alikuwa mchapakazi kama mchwa, na kicheko chake kiliwatuliza akina mama kuliko dawa.

Kisha akapokea mtoto ambaye hakulia. Alimpangusa, akampulizia pumzi, akampigapiga nyayo, wapi! Tangu siku hiyo kicheko kikamkauka. Chakula kikawa hakipiti, usingizi ukampa kisogo, na wodini akawa anafoka ovyo.

Wenzake walikuwa na kawaida yao. Kila Alhamisi, zamu ya asubuhi ikiisha, walikutana kwa Waithera, mkunga mkongwe kuliko wote, wakanywa chai na kutuana mizigo ya kazi kwa vitendawili. Jambo zito, walisema, hutoka kinywani upesi likivishwa fumbo. Ndanu hakwenda.

"Njoo basi, dada," Mumina, mkunga mwenzake, alimsihi. "Mahamri yangu yatakuuma?"

"Mimi sina shida. Nyinyi kaeni huko mlizane!"

Alhamisi moja Ndanu alifika langoni kuingia zamu ya alasiri, miguu ikagoma. Ndani mama mmoja alikuwa akiguna kwa uchungu. Ndanu akashika chuma cha lango.

"Naacha kazi," akawaambia wenzake waliokuwa wakitoka. "Siwezi tena."

Mmoja wao, Nduta, alifunga tena aproni yake, akarudi ndani kumshikia zamu. Mumina akamshika mkono. "Kwaheri utamwambia Waithera mwenyewe. Twende."

Waithera alimimina chai, akangoja. "Haya, mwanangu."

"Kitendawili," Ndanu akasema kwa sauti ndogo.

"Tega!"

"Nimepokea wageni wengi, wote wakaingia kwa kelele. Aliyenyamaza ndiye ninayemsikia kila usiku."

Kitendawili kile hakikumshinda mtu hata aombwe mji.

"Ni mtoto asiyelia," Waithera akajibu. "Wangu nilimpokea wewe hujazaliwa, na bado hunijia."

"Wangu alikuwa wa kike," Mumina akasema.

Ndanu akainua kichwa. "Hata wewe? Na huo utani wako wote?"

"Wee! Unadhani utani hutoka wapi?"

Hapo Ndanu akaangua kilio, wala hakuna aliyemnyamazisha. Kesho yake wote waliandamana kwa msimamizi wa zahanati, na Ndanu akapewa wodi ya waliokwisha kujifungua hadi moyo ukamtulia. Baadaye alirudi kuzalisha mwenyewe, bila kusukumwa, na Alhamisi hakukosa.

Angalizidi kujifungia na jeraha lake, akina mama wale wangalimpoteza mkunga, naye angalijipoteza. Ama kweli, mficha uchi hazai.