Njuga Kwenye Mkutano wa Mtaa

"Uwanja wa ngoma hulindwa kikaoni." Hivyo ndivyo mwenyekiti wa mtaa alivyowajibu mlipokwenda kumlalamikia, nanyi mmerudi mmenuna mkidhani kawatukana kwa fumbo. Hakuwatukana. Kaeni basi niwaeleze maneno hayo yalikotoka, maana hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa kusini, katika mji wetu huu mdogo wa Nambandi, na mtaa ulioyazaa ni wetu wa Chiumo.

Methali hii ilianza na Bi. Somoe binti Likwena, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Chiumo. Kila mwaka, korosho zikishauzwa, mitaa yote ilikutana kwenye uwanja wetu kushindania bendera, na bendera hiyo ilikuwa imezoea kulala nyumbani kwa Bi. Somoe. Uwanja ule ulikuwa maisha yake. Hapo ndipo mama yake alipomfundisha kucheza, hapo alitolewa mwali, na hapo ndipo yeye naye alipowatoa mabinti wa mtaa mzima. Kumuuliza uwanja ni wa nani kulikuwa sawa na kumuuliza mvua ni ya nani.

Mikutano ya mtaa, hiyo hakuitaka hata kuisikia, na sisi wengine tulikuwa hivyo hivyo. Mpiga mbiu akipita na kipaza sauti, watu waliitikia kwamba wamesikia, kisha wakaendelea kubangua korosho zao. Walisema mikutano ni ya wasio na kazi, ukienda utasomewa habari za mitaro na takataka mpaka usinzie. Lakini ngoma ikilia, hata mgonjwa aliomba fimbo yake.

Basi mwaka mmoja mkutano wa mtaa uliitishwa alasiri katika ofisi ya mtaa, ambayo ilikuwa ukingoni mwa uwanja. Alasiri hiyo hiyo Bi. Somoe na wenzake walikuwa na mazoezi. Walizipiga ngoma zikalia kweli kweli, hata waliokuwa ofisini wakashindwa kusikilizana, wakafunga madirisha. Humo ndani wachache waliohudhuria, wengi wao wenye biashara, wakakubaliana kwamba uwanja ujengwe vibanda vya maduka. Uwanja ulikuwa ukitolewa, na wenyewe wamo humo humo wanacheza. Ndivyo tulivyokuwa watu wa Chiumo, wepesi wa miguu na wazito wa kikao.

Bi. Somoe alipata habari alipokuta watu wanapigilia vigingi vya kupimia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Ngatuni, mtu mfuata taratibu ambaye hakuwa na upande. Mzee Ngatuni alimkumbusha kwamba mbiu ilipigwa.

"Tungewaita vipi tena, Bi. Somoe," aliuliza, "na ngoma yenu ndiyo iliyotufungisha madirisha?"

Kisha akamweleza kwamba mlango mmoja bado uko wazi. Uamuzi ule ulipaswa kuthibitishwa katika mkutano unaofuata, na wakazi wakiukataa kwa kunyoosha mikono, umekufa. Ila mkutano huo uliangukia siku ile ile ya kushindania bendera, na tarehe zote mbili zilikwisha kutangazwa.

Bi. Somoe alirudi nyumbani akalia kwa sauti, majirani wakamsikia. Jioni akawaita wenzake. Wengi walitaka kikundi kicheze, na mkutanoni wapelekwe wawili wa kuwasemea. Yeye akawauliza, mikono ya watu wawili itanyooshwa mara ngapi? Walibishana sana. Kuiacha bendera kuliwauma, tena bila kupiga hata hatua moja uwanjani, mbele ya wageni.

Siku ilipofika, ngoma za mitaa mingine zilikuwa zimekwisha anza. Kikundi cha Chiumo kikaingia uwanjani na njuga miguuni na shanga mikononi, watu wakapiga vigelegele. Wao hawakusimama. Waliukata uwanja katikati wakaenda ofisini, na nyuma yao wakafuata wakazi wa Chiumo waliokuja kuwatazama. Ofisi ikajaa, ikabidi mkutano uhamie nje barazani.

Hoja ya uwanja iliposomwa, Bwana Mkwinda, mfanyabiashara aliyeitoa mara ya kwanza, aliuliza watu wote hawa walikuwa wapi siku ile. Lilikuwa swali la haki. Bi. Somoe akasimama, njuga zikalia.

"Tulikuwa hapo nje tunacheza," alisema. "Kosa ni letu, Mwenyekiti, sitalifunika. Lakini maduka yanaweza kujengwa nyuma ya ghala la korosho, na wanunuzi watayafuata. Mwali hatolewi nyuma ya ghala."

Akaketi. Mwenyekiti akawataka wanaoukataa uamuzi ule wanyooshe mikono. Mikono ikapanda baraza zima, mingine imevaa shanga. Mzee Ngatuni alianza kuhesabu, akaacha. Bwana Mkwinda mwenyewe alicheka, akaomba iandikwe kwamba vibanda vitakwenda nyuma ya ghala.

Kule uwanjani bendera ilikwisha chukuliwa na mtaa wa Mkwajuni. Kiongozi wao, Bi. Asumini, mtani na mshindani wa Bi. Somoe tangu usichana, alimpokea kwa kuipeperusha mbele ya uso wake.

"Leo umeshindwa hata kabla ya kucheza, shoga," alisema.

"Nenda nayo," Bi. Somoe alijibu. "Mwakani utairudisha hapa hapa, maana pa kuirudishia papo. Uwanja wa ngoma hulindwa kikaoni."

Bi. Asumini aliishusha ile bendera. Alikwenda nayo Mkwajuni, lakini alikwenda na maneno yale pia, na mkutano wao uliofuata watu walikosa pa kukaa. Toka hapo yakaenea mji mzima.

Sisi Chiumo tumetwaa bendera nyingi kabla na baada. Lakini mtu akitaka kujua tulishinda lini hasa, tunamtajia mwaka ule ambao hatukucheza. Nanyi mnaosema uwanja wenu wa mpira umegawiwa watu bila ninyi kuulizwa, mbiu ilipopigwa mlikuwa wapi? Mlikuwa uwanjani. Uwanja wa ngoma hulindwa kikaoni.