Uzito Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na mke mwenye mgongo mbovu na trekta dogo, na trekta lilikuja kwa sababu ya mgongo. Mtu huyo aliitwa Ambindwile, mkulima wa parachichi kwenye miteremko ya Rungwe. Mkewe aliitwa Subilaga. Kwa miaka ishirini na miwili, kila msimu, Subilaga alishusha kreti za parachichi kichwani kutoka shambani juu hadi barabarani chini, ambako lori la mnunuzi husimama. Mwaka juzi daktari alimpiga picha ya uti wa mgongo, akaitazama, akamwita mume ndani. Alisema msimu mmoja tena wa kreti, na mama huyu hatasimama wima. Ambindwile alilia pale pale mbele ya daktari, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi ovyo.

Basi akamweleza kaka yake Lusekelo, fundi mitambo mjini, na Lusekelo akamtafutia trekta dogo lililokwisha kutumika, lenye mikono miwili ya chuma mbele ya kunyanyulia mizigo. Lilikuja na vifaa viwili vya kuchomeka kwenye mikono hiyo: kijiko cha kuzolea udongo, na uma. Huo uma ni vyuma viwili virefu, bapa, vinavyoingia chini ya paleti, ile chaga ya mbao ya kupangia kreti. Watu wakaja kutazama. Wakasema kijiko tumekiona, uma tumeuona, sasa sahani iko wapi? Kucheka ni rahisi, ndugu zangu, lakini hakuna aliyejua vyuma vile ni vya nini hasa. Mmoja alisema ni vya kung'olea visiki. Wakajaribu, kisiki kidogo kikang'oka. Mwingine alisema ni vya kubebea magogo, gogo likabebeka. Walihamisha banda la kuku likiwa na kuku wake ndani. Waliinua boriti za paa la kanisa letu, nami nikashukuru. Kila aliyetoa wazo alionekana yuko sahihi, na hilo liliwachanganya kuliko kama wote wangekosea.

Lusekelo alikuwa ametuma na karatasi yenye mstari mmoja: "Kabla ya kunyanyua kitu chochote, weka uzito nyuma." Ambindwile aliisoma akaona ni maneno ya kawaida. Lakini mwenye kitu kigeni hujitilia shaka, kwa hiyo akaipeleka kwa Mwalimu Mwakalobo, mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini, na ambaye hadi leo husahihisha matangazo ya misiba yaliyobandikwa ukutani. Mwalimu alivaa miwani, akasoma mara tatu. Akaeleza kwamba uma ni umoja, na wingi wake ni nyuma: uma mmoja, nyuma mbili. Vyuma ni viwili, kwa hiyo ni nyuma. Lusekelo ni fundi, tumsamehe, ameruka neno. Akachukua kalamu nyekundu akaandika "kwenye" kati ya "uzito" na "nyuma". Ikawa: weka uzito kwenye nyuma.

Ukitaka kucheka, cheka polepole, kwa sababu Mwalimu hakukosea. Fungua kamusi, utamkuta hapo amesimama na haki yake. Na mimi nilikuwepo siku ile. Nimesoma chuo cha uchungaji, na niliposikia uma na nyuma niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua siku zote. Nasema haya kwa aibu.

Tangu hapo, kabla ya kila mzigo, Ambindwile alijaza mawe kwenye magunia mawili akayafunga juu ya zile nyuma zake, ndipo akaweka mzigo. Trekta lilinguruma. Usukani ukawa mzito. Mara nyingine tairi za nyuma ziliruka kidogo, watu wakasema linacheza, limeipenda kazi. Subilaga peke yake hakupendezwa. Alimuuliza mumewe mbona tairi za mbele zinachimba matope na za nyuma haziachi hata alama. Ambindwile akamjibu kwamba karatasi ndivyo inavyosema, na imesahihishwa. Angefanya nini zaidi yule mama? Mwenye karatasi ameshamshinda mwenye macho, na kwetu mambo huishia hapo.

Siku ya mavuno ilifika. Wakapanga kreti kumi na nane juu ya paleti, na mawe yakiwa chini yake, na Ambindwile akaanza kuteremka kwenda kwenye lori. Subilaga, aliyekatazwa kubeba, alitangulia mbele kuangalia njia. Wanawake watatu wa jirani walifuata kwa nyuma. Walipofika pale njia inapoinama kuliko kwingine kote, tairi za nyuma zikaacha ardhi. Ambindwile akakanyaga breki. Breki za trekta lile zinashika tairi za nyuma, na tairi za nyuma zilikuwa hewani, kwa hiyo alishika hewa. Trekta likaanza kuserereka na mzigo wake, polepole, kuelekea alipokuwa mkewe.

Subilaga angeweza kurukia shambani. Nafasi ilikuwepo, upana wa hatua mbili tu. Hakuruka. Alijibana ukingoni likampita, akazunguka mbio, akashika chuma cha kufungia trela kule nyuma na kuning'inia kwa mwili wake wote, pamoja na mgongo ule ule tuliokuwa tunauhurumia. Wale watatu walipomwona, wakamfuata, mmoja juu ya mwingine. Tairi zikagusa chini. Breki ikashika. Trekta likasimama, Ambindwile akashusha uma hadi ardhini, akazima injini.

Aliteremka, akazunguka nyuma. Alimkuta mkewe amepinda, ameshika kiuno, hawezi kunyooka. Akamuuliza, "Mama Tumpale, nani alikuambia ukae nyuma?"

Subilaga akamjibu akiwa ameinama hivyo hivyo, akitazama matope. "Baba Tumpale, mimi nipo nyuma miaka ishirini na miwili. Leo ndiyo umegeuka."

Parachichi hazikuchubuka hata moja, lori lilizichukua zote. Kisha wakatupa yale mawe, wakatandika vitenge juu ya paleti tupu, wakamlaza Subilaga, na uma ukampandisha nyumbani taratibu. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya vyuma vile, na hakuna aliyekuwa ameitaja. Mashine iliyoletwa kuuokoa mgongo wa Subilaga iliokolewa na mgongo wa Subilaga. Sasa anatembea kwa fimbo. Siku za baridi hatoki kitandani.

Lusekelo alipopata habari alikuja siku ya pili. Hakumlaumu mtu. Alijaza zege kwenye pipa la chuma, akalifunga nyuma ya trekta, nyuma kabisa, mahali ambapo hata asiyejua kusoma angepaelewa. Tangu siku hiyo trekta linashuka na mzigo bila kuinuka hata kidogo, na watu wanamsifu Ambindwile kwa uendeshaji wake. Subilaga hukaa kwenye kizingiti akalitazama lile pipa likipita. Mwanzoni nilidhani anafurahi. Sasa sijui. Sijui kama pipa lile ni wokovu wake au ni tusi, kwamba kazi aliyoifanya miaka yote ile imeweza kufanywa na zege.

Nimeusema mfano huu mara nne, na kila mahali wananifafanulia. Kule Masoko waliniambia trekta ni kanisa na pipa ni sadaka. Kule Kiwira mzee mmoja akasema Mwalimu ndiye Mfarisayo. Mwingine akasema hapana, Mfarisayo ni mchungaji, na watu wakanitazama. Labda wote wako sahihi, nami nimeshawaambia jinsi hilo linavyochanganya. Mwalimu alikuwa na kamusi, Lusekelo alikuwa na ufundi, Ambindwile alikuwa na utii, mimi nilikuwa na joho. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema uongo, na mama mmoja alikaribia kufa mbele ya ukweli wetu.

Kwa hiyo sitawafafanulia. Nawauliza tu, ninyi mnaonyanyua vitu vikubwa mbele za watu na kupigiwa makofi: ni nani anayening'inia huko nyuma ili msianguke, na mlimwomba lini?