Gamba la Kwanza la Kombo

Paukwa!

Pakawa!

Na walio nyuma nao waitikie, hadithi hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, chini ya ghala la mpunga, aliishi nyoka mmoja mzee, jina lake Bi Mboja. Alikuwa nyoka mla panya. Hana sumu, hana ugomvi na mtu. Mwenye ghala alimjua. Akimwona husema, "Mwacheni mama apite, ndiye mlinzi wangu." Naye hupita, sururu, sururu, akaenda zake.

Bi Mboja alikuwa na mtoto mmoja tu, Kombo. Kombo alikuwa na mistari minne myeusi mgongoni, imenyooka toka shingoni hadi mkiani. Mama yake akimtazama hushiba.

Siku moja, wakati wa mavuno, Kombo akatoka kwenda shambani. Nguchiro akamwona. Kwap! Basi. Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Bi Mboja hakutoa machozi, maana nyoka hana machozi ya kumwaga. Alijikunja tu, akawa anaimba:

*Mistari minne, shingo hadi mkia,*
*mwanangu wa pekee, hukunirudia.*

Lakini Kombo aliacha mke, Mize. Na Mize alikuwa na mayai manne. Bi Mboja akayazunguka mayai yale kwa mwili wake. Chakula hali vizuri, nje hatoki. Kila siku anasema, "Humu ndani mwanangu anarudi."

Siku ikafika. Pwa! Yai la kwanza. Pwa! La pili. Pwa! La tatu. La nne likakawia, likakawia, kisha, pwa.

Wa kwanza alikuwa mweusi tii, kama sufuria ya kuni. Wa pili alikuwa na rangi ya nyasi kavu, hana alama hata moja. Wa tatu alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Na wa nne, mdogo kuliko wote, alikuwa na madoa mgongo mzima. Doa, doa, doa, kama aliyerukiwa na tope.

Mwenye mistari? Hakuna.

Sasa, nyoka wa ghala walikuwa na desturi yao. Siku ya saba, watoto hupimwa gamba. Gamba alilojivua baba hutandazwa chini, na kila mtoto hulazwa kando yake. Anayefanana nalo hupewa jina na mahali pa kulala. Asiyefanana hutolewa nje. Nje ni shambani. Na shambani yuko nguchiro.

Siku ya saba, asubuhi, Mize akawapanga wanawe.

"Mama, wajukuu zako hawa."

"Nawaona."

"Baba yao ni Kombo. Mungu shahidi."

"Sikatai, mwanangu. Lakini nilikuwa namngoja Kombo. Hawa ni akina nani?"

Juu ukutani, mjusi kafiri akacheka. Tok-tok-tok! "Mweusi, mkavu, mwekundu, madoa! Bi Mboja, hao si wajukuu, hizo ni kanga za dukani!"

"Nyamaza wewe! Mkia wako mwenyewe huwezi kuutunza, kila siku unauacha njiani. Ya watoto wa watu utayaweza? Ingia humo ufani, uniletee gamba la Kombo. Lile la juu."

Maana Bi Mboja aliyaweka magamba yote ya mwanawe katika ufa wa ukuta, moja juu ya jingine, tangu alipozaliwa. Mjusi akaingia. Kwaru, kwaru. Akatoka anachechemea, kitu kidogo kimemganda mguuni.

"Nimesema la juu! Hilo ni la chini kabisa!"

"Hili ndilo lililoninasa, Bibi. Nyie hamna miguu, hamjui taabu zake." Akautikisa mguu. Gamba likadondoka polepole, jepesi kama ganda la kitunguu, likatua kando ya yule mdogo. Naye akadhani ni mchezo, akajinyoosha, akalala nalo sambamba.

Jua la asubuhi likapenya chini ya mlango. Bi Mboja akasogea. Akatazama.

Doa, doa, doa.

Akatazama mtoto. Akatazama gamba. Doa, doa, doa.

"Mize," akasema taratibu, "Kombo alizaliwa na madoa."

Ndipo akakumbuka. Siku ile Kombo alipotoka yaini, yeye mwenyewe alimwita, "Kidoa changu." Kisha Kombo akajivua gamba, madoa yakarefuka. Akajivua tena, yakagusana. Mwaka hadi mwaka, yakawa mistari. Mama alimwona kila siku, kwa hiyo hakuyaona mabadiliko. Na mauti yalipokuja, yalimwachia sura ile ya mwisho tu.

Mize akainamisha kichwa. "Basi huyu amefanana, Mama. Mpe jina. Hawa watatu nitatoka nao mimi."

Akawazungushia mwili watoto watatu, akawasukuma taratibu kuelekea mlangoni. Sururu, sururu. Alipofika, akakuta njia imezibwa. Bi Mboja amejilaza kizingitini, mzima mzima.

"Unakwenda wapi?"

"Shambani, Mama. Ndiyo desturi."

"Na nguchiro?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo hata humu ndani. Rudi."

Mjusi akanyoosha shingo. "Bi Mboja, huyo mweusi naye atageuka awe na mistari?"

"Sijui."

"Na asipogeuka?"

"Atakuwa mweusi. Mweusi wangu." Akamvuta mweusi karibu kwa mkia. "Nilimwomba Mungu anirudishie mmoja. Kanipa wanne, nami nakaa nakagua ngozi. Anisamehe."

Kisha akayatoa magamba yote ya Kombo, akayatandika yawe kitanda cha watoto. Na jina la Kombo, je, akampa nani? Mwenye madoa? Hapana. Akampa yule mweusi tii, asiyefanana na marehemu hata kidogo. Mjusi nusura aanguke ukutani.

Tangu siku ile hakuna mtoto aliyepimwa gamba chini ya ghala lile. Na Bi Mboja akabadilisha wimbo wake:

*Mweusi na mkavu, mwekundu na wa madoa,*
*wote nimepewa, hakuna wa kutoa.*

Watoto wangu, na ninyi wakubwa, shikeni hili: Mola haumbi kwa kalibu moja. Aliyekwenda hatarudi kwa sura ile ile. Usimtafute marehemu katika uso wa mtoto. Mpende mtoto kwa uso aliopewa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeivua kama gamba. Anayeipenda aiokote, aiweke ufani kwake.